Maji ya Mvua Kwenye Kifuniko cha Buluu

Théogène Sibomana alianza kuendesha dizeli kabla ndevu hazijamwota, na mtu wa namna hiyo kumfundisha kitu ni kazi. Gari lake la zamani lilikuwa linatapika moshi mweusi mpaka kuku wa kijiji cha Kibumba wanakimbilia migombani, lakini lilikunywa mafuta ya kila dumu na halikuwahi kumlaza njiani. Alilisifu hivyo hata kanisani.

Kisha Mama Henriette, tajiri yake, mfanyabiashara wa kabichi mjini Goma, akanunua pick-up mpya, akampa Théogène aiendeshe. Pembeni mwa mdomo wa mafuta palikuwa na mdomo mwingine wenye kifuniko cha buluu na tangi lake. Aliyeiuza alimweleza Théogène kwamba humo hutiwa dawa ya moshi tu, basi, kitu kingine hapana. Théogène aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza. Baharanyi, dereva mwenzake aliyebaki na lori lake kuukuu, alimtania kila walipokutana.

"Papa Théo, gari yako iko mugonjwa? Kila siku dawa!"

Dawa ilipokwisha, muuzaji wa mpakani hakuwa nayo. Théogène alichungulia tone lililobaki kwenye dumu, akaona ni jeupe tupu, halina rangi wala mafuta. Akaamua ni maji. Na kwa habari ya maji, watu wa Goma hawafundishwi. Maji ya ziwa huacha magamba meupe kwenye birika, kwa hiyo dereva mwenye akili huipa betri na radiata yake maji ya mvua yaliyokingwa batini. Aliyakinga, akayachuja kwa kitenge kisafi cha mkewe, akayamimina taratibu chini ya kile kifuniko cha buluu. Lilikuwa kosa la mtu mwangalifu, na ndiyo maana halikumsumbua hata kidogo. Gari liliwaka, likaenda, naye akamcheka moyoni yule aliyeuza gari.

Siku chache baadaye alikuwa Kibumba akipakia kabichi, mtu akamjia mbio. Léoncie, binti yake aliyeolewa huko, alikuwa na uchungu tangu jana, na mtoto amekingama tumboni. Muuguzi wa kituo cha afya alikolazwa hakuzunguka maneno.

"Mupeleke Goma, papa. Wamupasue leo, sasa hivi. Ukichelewa utawapoteza wote wawili."

Mume wa Léoncie alikuwa safarini Beni. Théogène alimlaza binti yake kwenye kiti cha nyuma, akaziacha kabichi chini, akaondoka. Hawajafika mbali, taa ya njano ikawaka mbele yake na maandishi ya Kifaransa: ukizima injini, haitawaka tena.

Alisimama kando, injini ikinguruma, akampigia simu Umwiza, fundi wa mtaa wa Keshero anayelihudumia lile gari, akamsomea maandishi yale.

"Uliweka nini mule mu tangi ya buluu?"

"Maji."

Théogène akaongeza haraka, "Ya mvua. Safi kabisa, nimeyachuja."

"Papa, ile dawa iko maji na urée, ndugu ya mbolea munaweka mu mahindi. Inarushwa mu tuyau, ile bomba ya moshi, mule mwenye moto, inageuka gaz yenye kuvunja sumu. Maji peke yake haivunje kitu."

"Sumu gani? Hii gari haina moshi hata!"

"Moshi mweusi unauona, unaziba pua. Hii ingine hauione, na inakula mapafu. Uko mutoto wa huku, unajua mazuku."

Anajua. Mazuku ni hewa mbaya inayolala kwenye mabonde ya mawe ya volkano, haina rangi, na anayeingia humo hulala asiamke. Théogène alikuwa mdogo alipoona mbuzi wao wamelala bondeni kama wanaosinzia, na kaka yake akashuka kuwaamsha. Kaka hakupanda tena.

"Haiko gaz moja," Umwiza aliendelea, "lakini ni kitu cha kuogopa vilevile. Sasa gari yenyewe inapima moshi wake. Imeona sumu inapita. Waliitengeneza hivyo juu mutu asiidanganye. Itatembea, lakini ukizima, imekwisha. Usizime mpaka ku hôpital. Umenisikia? Usizime!"

Akaendesha. Nyuma Léoncie alikuwa akiuma shuka, na kila alipolia, baba yake alikanyaga mafuta bila kujijua. Aliogopa mashimo, aliogopa mbuzi wa njiani, na zaidi ya yote aliogopa kitu ambacho hakutaka hata kukitaja akilini, kwa sababu alijua kipo mbele.

Kilikuwepo. Kamba imefungwa barabarani, magari yamepanga mstari. Kwenye barrière, kizuizi cha askari, kila mtu hapa anajua desturi: unazima injini. Gari linalonguruma ni gari linalotaka kukimbia.

"Zima moteur," alisema mwenye bunduki.

"Chef, nina mugonjwa. Nikizima haitawaka. Nakuomba."

"Muzee, zima!"

"Chef, angalia mwenyewe, ni mutoto yangu..."

Bunduki ilipanda ikamtazama usoni. Théogène alizima. Ukimya ulioingia ndani ya gari ulimtisha kuliko bunduki.

Askari alizunguka, akafungua mlango wa nyuma, akaona damu kwenye shuka. Sura yake ikabadilika. "Kumbe! Enda, muzee, enda mbio!"

Théogène aligeuza ufunguo. Taa ziliwaka zote, vizuri kabisa, na injini haikutoa hata kikohozi. Akageuza tena. Akalia.

Nyuma yao lori la Baharanyi lilikuwa linasubiri zamu. Hakutania siku hiyo. Walimbeba Léoncie na askari wakasaidia, wakamweka mbele, kichwa chake mapajani mwa baba. Lori kuukuu liliwaka mara moja, kama kawaida yake, na kama kawaida yake moshi ukapanda kupitia sakafu yenye matundu mpaka nyusoni mwao.

Théogène alikuwa amevuta moshi huo maisha yake yote. Sasa aliuona ukiingia puani mwa binti yake, akawaza kile kisichoonekana kinachofuatana nao. Akavua shati, akamfunika pua na mdomo.

"Papa," Léoncie alisema kwa shida, "unaniziba pumzi."

Akaliondoa, akalirudisha, akaliondoa. Hakujua kipi kinaua upesi zaidi. Akafungua dirisha, akamwinua kichwa kwenye upepo, akamshikilia hivyo mpaka Goma.

Hospitalini alikaa kwenye korido akiwa kifua wazi, shati limekunjwa mkononi. Baadaye muuguzi akatoka akitabasamu. "Binti, papa. Muzima. Na mama yake pia."

"Mutoto anakohoa?"

"Akohoe nini? Analia tu!"

Alimshukuru Mungu kwa sauti. Umeme ulikuwa umekatika, na nje jenereta ya dizeli ilikuwa inanguruma na kufuka moshi ili wale wa ndani wamalize kumshona Léoncie. Théogène alisimama, akaenda kufunga dirisha la upande ule, akaliegemea kwa bega lisifunguke.