Hatua Ishirini na Tano za Mashariki

Nilikuwa nimefika ukurasa wa tatu wa kunakili makala ya mume wangu, binti yangu wa miezi mitano amelala mgongoni, nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Wageni wasihofu tena ufinyu wa uwanja, kwa maana upande wa mashariki umeongezwa hatua ishirini na tano, mahali palipokuwa pori tupu."

Nikaisoma tena. Pori tupu. Nikafunika chupa ya wino, nikazichana zile kurasa zote tatu, nikazitia motoni. Mume wangu alikuwa anavaa viatu. Aliruka na kiatu kimoja.

"We mama, umerogwa? Hizo zinaondoka na basi la saa nane!"

"Pori tupu ni wapi?"

"Pori gani tena?"

"Uliloandika wewe. Mashariki, kwenye mikaratusi. Pale pana pori gani?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa hesabu asiyofundishwa. Hakuwa anaficha kitu. Hakujua ninauliza nini, na hilo ndilo lililonimaliza.

Ilikuwa Mbeya, miaka ya hamsini, Juni, baridi ile inayopasua midomo. Mume wangu alikuwa karani wa klabu ya Wazungu. Kazi aliyoipenda hasa ilikuwa kukaa kwenye kimeza pembeni ya uwanja na kuandika mbio, yaani alama za wachezaji, kila walipocheza kriketi. Mchezo wenyewe aliujua kwa kutazama tu, akaujua kuliko nusu ya wale waliovaa nguo nyeupe. Mwaka ule timu ya Rodesia ya Kaskazini ilikuwa inavuka mpaka kuja kucheza na ya Tanganyika, mechi tatu, mbili Mbeya na ya mwisho Iringa. Mwaka uliotangulia wetu walikwenda kwao wakachapwa vibaya. Yeye alisema "wetu", ingawa walikuwa Wazungu watupu na Wahindi wawili, na katika klabu ile hakuruhusiwa hata kunywea chai barazani.

Gazeti moja la Kiswahili lilimwomba aandike habari za mechi kabla hazijachezwa. Alifurahi kama mtoto. Mwandiko wake ulikuwa kama kuku kapita kwenye majivu, na mimi nilikuwa nimefika darasa la kumi, kwa hiyo nakala safi ikawa kazi yangu. Sisemi uongo, nilianza kuipenda. Aliandika kwamba wageni wana mrushaji mrefu wa mkono wa kushoto, ambaye mpira wake hudunda ukamfuata mtu kifuani, na kwamba umande wa asubuhi wa Mbeya utamsaidia mno. Wetu walimtegemea daktari wa meno mmoja mnene, mvivu wa kukimbia, lakini akiupiga mpira watu huutafuta majanini. Iringa, alisema, ni habari nyingine: ardhi ngumu, mpira unapaa. Wetu wakifika kule hawajafungwa zote mbili, basi kisasi kipo. Mimi nilimrekebishia sentensi, nikacheka peke yangu juu ya yule daktari. Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye pori tupu.

Sasa niseme pale palikuwa na nini.

Miaka miwili kabla yake nilizaa mtoto wa kiume, wa kwanza. Aliishi siku tisa. Mchungaji alikuwa safarini Rujewa, hakubatizwa, na jina tulikuwa tunamngojea babu yake alete. Mama yangu alikuwa ametoka Ipogolo kunilea uzazi. Kwetu mtoto mchanga namna hiyo huzikwa na wanawake. Wanaume hawaendi, hakuna msalaba, hakuna matanga. Mama na mama jirani walimfunga kwenye kanga yangu, wakachukua jembe, wakatoka asubuhi. Nilipoanza kulia Mama aligeuka mlangoni.

"Polepole, mwanangu. Kachanga hakaliliwi kwa sauti."

Siku ya tatu alinipeleka nikapaone. Mkaratusi wa mwisho katika mstari, kisha hatua saba kuelekea jua linakotoka. Nikapashika kichwani, na tangu siku ile sikuwahi kupita njia nyingine kwenda kisimani, hadi nilipojifungua binti na maji yakaanza kuletwa nyumbani. Mume wangu hakuuliza. Nilidhani ni adabu.

Nilipomwambia hayo, alikaa kitako, kiatu mkononi.

"Katibu wa klabu aliniuliza kama kuna makaburi," akasema. "Kabla hawajang'oa miti. Nikamwambia hakuna. Kulikuwa na hati, nikatia sahihi."

"Ulisema hakuna."

"Makaburi, mama! Ya watu, yenye misalaba. Ningejuaje ni pale? Nani aliniambia?"

"Uliuliza?"

"Mwanamume anauliza mambo hayo?"

Ni kweli, haulizi. Ningempata mwongo ningemtukana nikapumua. Nilimpata mtu aliyefuata desturi yetu mpaka akamsawazisha mwanawe.

Nilimpitia mama jirani, tukaenda. Majani yalikuwa yamekatwa mafupi kama nywele za mwanafunzi. Chuma kizito cha kusawazishia ardhi kilikuwa kimesimama palepale, na kamba mpya ya mpaka imelala juu ya chokaa. Mikaratusi yote ilikuwa imeng'olewa, hata mashimo yalifukiwa. Nikatafuta mti wa kuanzia kuhesabu. Hakuna.

"Ni hapa, dada," akasema mama jirani.

"Hapana. Ni kule."

"Mimi ndiye niliyeshika jembe."

"Na mimi ndiye niliyepita hapa kila siku!"

Tukabishana mpaka akaanza kulia yeye, tena kwa sauti. Mimi sikuweza. Nilipiga magoti nikapapasa majani kwa viganja. Yalikuwa laini kila mahali, sawasawa.

Jumatatu nilivaa viatu vya kanisani, barua niliyoiandika usiku ikiwa mkononi. Mume wangu alisimama mlangoni. "Ukiipeleka bomani, kazi sina tena. Unajua?" Nilijua. Akaniachia njia.

Pale bomani karani wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alisoma barua yangu, akanipa karatasi yao ya kujaza. "Hapa panatakiwa jina la marehemu, mama."

"Hakuwa nalo."

"Basi weka la baba yake."

"Aliyekufa siyo baba yake."

Akakuna kichwa, akanirudishia barua. "Haya, iache hivi ilivyo." Akaigonga muhuri mbele yangu. Ilisema hivi:

"Kwa Bwana Shauri, Mbeya. Nalalamika juu ya uwanja wa kriketi ulioongezwa upande wa mashariki. Hati iliyosema hapana makaburi si kweli, ingawa aliyeitia sahihi hakujua. Kaburi lipo, moja. Ni la mtoto wa kiume, umri siku tisa, jina hakupewa. Siwezi kuonyesha mahali penyewe, kwa sababu miti niliyopimia imeng'olewa bila mimi kuulizwa. Kwa hiyo naomba hatua zote ishirini na tano ziachwe, asikanyage mchezaji wala mtazamaji, na kamba irudishwe ilipokuwa kabla wageni hawajafika Jumamosi. Sitaki fidia. Nataka jibu la maandishi, lije kwangu, siyo kwa mume wangu. Mimi mama wa marehemu."