Ngumi za Uani, Mtoto Mgongoni

Mwalimu wetu wa karate, karani wa reli aliyejifunzia Dar, alinitamkia mbele ya wanaume: "Dada, tangu ujifungue huonekani. Jumamosi nakupima misingi. Ukishindwa, kaa nyumbani ulee."

Nilee! Kana kwamba nilikuwa nacheza bao. Mume wangu alipelekwa kufundisha kwenye kijiji cha ujamaa huko Igalula, na mtoto ukimlaza chini tu analia. Mazoezi ningeyafanya saa ngapi?

Nikayafanya uani, peke yangu, mtoto nimemfunga mgongoni kwa khanga. Wa kupigana naye hakuna, nikabaki na yale yale ya kuchosha: kunja magoti, sogea, piga ngumi, rudi. Nikiinuka hata kidogo, kichwa cha mtoto kinatikisika, anaamka. Basi nikajifunza kusogea juu ya mchanga kama niliyebeba mtungi uliojaa.

"Unapigana na nani, mayu?" mama mkwe aliniuliza, akiniita mama kwa Kinyamwezi chake, ungo mkononi.

"Na upepo, mama."

"Basi usiumalize. Mimi bado napepeta."

Usiku wa kuamkia Jumamosi sikulala. Wakinitoa, nitabakiwa na nini kilicho changu? Asubuhi mama mkwe alinifuata hadi ukumbi wa mazoezi bila kuombwa, akambeba mtoto, akakaa mlangoni. Mtoto akasinzia.

Wanaume walitangulia, wakirukaruka kama mbuzi ndani ya lori. Yaani hao ndio hawakosi mazoezi! Zamu yangu ilipofika, mikono ilikuwa baridi, lakini miguu ilijua njia. Mwalimu alichuchumaa akiitazama. Nikaanza kupumua.

"Ngumi ya mwisho. Na ukelele."

Ukelele! Uani sikuwahi kupiga ukelele hata mara moja. Ningepigaje, na mtoto amelala? Nikatupa ngumi, mdomo wazi, sauti haikutoka.

"Taratibu, utamwamsha mtoto!" mmoja wao akadakia. Wakacheka.

"Bila sauti sikupitishi," mwalimu akasema. "Rudia. Mara ya mwisho."

Nilimtazama mwanangu kule mlangoni. Bado alikuwa amelala.

"Mwamshe, mayu!" mama mkwe akafoka. "Kubembeleza nitabembeleza mimi!"

Nikapiga. Sauti iliyotoka ilikuwa ya hasira zote za miezi ile, na mtoto akaruka akaanza kulia, kilio kikajaa ukumbi mzima. Mwalimu ilimbidi apaze sauti ili nimsikie:

"Mazoezi Jumatatu, saa kumi na moja. Usichelewe!"

Sikumshukuru. Nilikwenda kumnyonyesha mwanangu.