Nilimwambia mamdogo "bado haijatoka", na mimi nilishaiangalia peke yangu

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, wengine mambo.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu. Nimebadilisha jina la mtu mmoja tu. Mods nawaomba msiuhamishie huu uzi jukwaa la movie, mkifika mbele mtaelewa kwa nini.

Mimi ni binti, nimemaliza form four, nipo Tabora mjini. Nafanya kazi kwenye library ya movie, zile ofisi ndogo unaleta flash unaingiziwa series.

Halafu nina tabia ya kuandika kila siku kwenye daftari tangu nipo form one. Kwa hiyo mkiona nakumbuka siku na maneno, sijatunga, nina daftari hapa pembeni.

Sasa kuna ile series ya malkia asiye na kivuli. Wengi mnaijua, ilivyoisha watu walinuna mtaa mzima.

Kwa wasioijua: kuna falme za chumvi, kuna malkia akisimama juani hana kivuli, na mpaka inaisha hatukuambiwa nani alimchukulia.

Mimi niliiangalia yote na mamdogo wangu, kijijini kwake Kwihara. Mama yangu alifariki nikiwa la tano, huyu mdogo wake ndo kanilea. Alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule. Tuliiangalia ile yenye DJ anayetafsiri Kiswahili, yeye anakanyaga cherehani, mimi nashona vifungo.

Mamdogo hakuwa mtu wa kuangalia kimya.

Malkia alikuwa anamwita wifi. Yule waziri mnafiki akampachika jina "mwenyekiti wa kitongoji", mpaka mwenyekiti wetu wa kweli akaja kuuliza kwani amekosa nini.

Wale wapagazi wanaotembea na chumvi kichwani miezi na miezi aliwaonea huruma kweli. "Hawa ni Wanyamwezi wenzetu hawa, wamepakwa unga tu."

Basi mwaka jana ikatangazwa prequel. Yaani inarudi nyuma, malkia akiwa mtoto.

Wakati huo mamdogo alishaanza kuumwa moyo. Miguu inavimba, cherehani hawezi tena kukanyaga, hospitali wakamwambia apumzike. Anashinda kwenye mkeka barazani.

Nikampelekea trailer kwenye simu. Kuna sehemu mtoto anakimbia juani, na kivuli chake kinamfuata. Mamdogo akaninyang'anya simu.

"Anacho! We mtoto, anacho!"

Akairudia kama mara sita. Halafu akaniambia, "Hii tunaianza siku moja mimi na wewe. Simsubiri DJ. DJ ni wewe, utanitafsiria."

"Sawa mamdogo."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

"Usije ukatangulia. Nakujua mimi, wewe hata ugali hausubiri uive."

Kuanzia hapo nikipiga simu ni hivi: shikamoo mamdogo, marahaba, imetoka? Hata hali ya mjini haulizi.

Najua kuna watu watasema movie tu hiyo. Naomba mnielewe hapa. Kila mtu aliyekuja pale nyumbani alikuwa anamuuliza miguu. Miguu imeshukaje, dawa umekunywa, chumvi umeacha. Mimi peke yangu ndo nilikuwa namuuliza anahisi nani alichukua kivuli. Alikuwa na majibu manne tofauti, na kila jibu lina ushahidi wake.

Sehemu ya kwanza ikatoka Jumatatu, na kila Jumatatu inatoka nyingine.

Bosi wangu aliishusha asubuhi, nikawa naingizia wateja. Mpango ulikuwa niikopi kwenye laptop ya ofisi, Jumapili niende nayo Kwihara.

Nikasema acha nionje dakika tano, nijue kama ina maneno magumu ya kutafsiri. Hiyo ndo sababu niliyojipa.

Wakuu, niliiangalia yote. Headphone masikioni, wateja wananigongea meza.

Daftari siku hiyo linasema: "Imetoka. Nimeiona. Nzuri kinoma. Mamdogo kapiga mara mbili, sijapokea."

Jumapili nikapanda boda mpaka Kwihara. Nikamkuta amevaa kitenge chake cha kanisani, na ibadani hakwenda, asingeweza kutembea mpaka kule. Alikuwa amemwambia ba'mdogo, mume wake, ashinde kwa jirani ili pale barazani pawe kimya.

"Imetoka?"

Laptop ilikuwa kwenye begi. Begi lilikuwa mgongoni.

Nikamwambia, "Bado mamdogo. Wamesogeza mbele."

Nimejiuliza sana kwa nini. Kwanza niliogopa angejua. Yeye alikuwa na msemo, mtu aliyeshaona utamjua, anacheka kabla ya kichekesho.

Lakini kuna ya pili ambayo inaniuma zaidi, na nimeahidi ukweli. Niliona uvivu. Kukaa lisaa lizima natafsiri neno kwa neno kitu nilichokwishakiona. Nikasema ngoja DJ aitafsiri, nitamletea, tutaangalia wote kama mpya, hatajua.

"Wamesogeza mpaka lini?"

"Kama wiki tatu hivi."

Halafu akasema, "Basi na mimi nasogeza."

Nilicheka wakuu. Nilidhani ni utani wake.

Akanipa karanga kwenye mfuko, akabadilisha kitenge, nikarudi mjini.

Jumatatu iliyofuata nikaangalia sehemu ya pili. Jumatatu nyingine ya tatu. Yeye ana kitochi, internet haipo, na majirani zake ni watu wa mashamba ya tumbaku, nani angemwambia? Kila siku anapiga, imetoka? Bado mamdogo.

Jumatano asubuhi ba'mdogo akapiga. Alisema mamdogo alikunywa uji, akaomba ageuzwe upande wa jua, basi. Wiki tatu zilikuwa hazijatimia. Na DJ alikuwa bado hajaitoa.

Sitaeleza safari ya kwenda.

Msibani kulikuwa na Yohana. Huyu ndo niliyembadilishia jina. Ni Mgogo, fundi baiskeli pale kijijini, mtani wa ukoo wetu. Kwetu mtani ana ruhusa msibani, anamuigiza marehemu, anamsema, watu wacheke wapumzike kulia. Hakuna wa kumkataza.

Yohana kajifunga kanga ya mamdogo, kajitundika tepu ya kupimia shingoni, kakaa kwenye cherehani anakanyaga. Anabana sauti kabisa kama yeye.

"Imetoka? Bado? We mtoto, nitakukata masikio, imetoka?"

Watu wakaangua kicheko. Kijiji kizima kilikuwa kinajua anaisubiri, alishawasimulia wote. Hata mimi nilicheka.

Halafu akasimama, akageukia jeneza.

"Dada, umekufa kizembe kama Wanyamwezi wote! Mwanangu kaja jana kutoka Dodoma anasema imetoka kitambo, wameshaona sehemu tatu! Si ungengoja kidogo, Mnyamwezi usiyejua kusubiri? Amka twende!"

Watu wakacheka zaidi. Shangazi mmoja alicheka mpaka akalalia bega langu.

Nikakaa chini hapo hapo kwenye vumbi. Wanawake wakanishika wakijua nalia kama wafiwa wengine, wakaniambia jikaze mwanetu.

Ba'mdogo yeye hakucheka. Nilimuona ananitazama.

Siku tuliyoanua matanga akanikuta naosha masufuria. Ni mtu wa maneno machache, hata salamu huwa anajibu kwa kichwa. Akachuchumaa pembeni yangu.

"Yale aliyosema Yohana. Ilikuwa imetoka kweli?"

Mdomo ukajibu kabla yangu.

"Aah, ba'mdogo, si unamjua Yohana. Utani tu ule."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nilijua. Wewe usingemfanyia hivyo."

Akaninyang'anya sufuria, akasema nipumzike, nimechoka, akamalizia kuosha yeye.

Wakuu, kudanganya mgonjwa ningeweza kusema nilikuwa sijui atakufa. Hili la ba'mdogo nilijua kila kitu.

Nilichojifunza ni kidogo na nimekilipia ghali. Mtu akikwambia tusubiriane, hasubirii kitu chenyewe, anakusubiri wewe. Ukitangulia, rudi umwambie umetangulia. Atanuna siku mbili, atakutukana, halafu mtakaa chini mtaangalia. Mamdogo angenitukana vizuri sana, na leo ningekuwa nayasimulia hayo matusi.

Ninyi ndo wa kwanza kujua. Kwenye daftari lenyewe hiyo siku ya masufuria nimeandika "nimeosha vyombo" tu.

Jumapili naenda Kwihara kumsalimia ba'mdogo. Anaishi na hilo jibu langu na naona limempa amani. Nikimwambia ukweli, namtoa yeye kwenye amani ili mimi niipate. Nisipomwambia, nitakula kwake nikijifanya mtu ambaye yeye anadhani ndo mimi.

Mliowahi kupita hapa, mlifanyaje? Hata wa kunisema aniseme tu, nitasoma zote.