Mama Mwenye Nilimuzika kwa Mudomo

Kosa ni yangu, sitasingizia muntu. Si shetani, si njaa. Ni mudomo yangu. Nilisema mama mumoja alikufa, na ile kifo ikamuangukia jirani yangu, mwenye iko hai mupaka leo. Nisikilizeni polepole, juu hii kitu nimeibeba peke yangu na imenichosha.

Mi ni mama wa hapa Baraka, nauza ndagala, samaki ndogo ndogo ya ziwa, kwenye soko. Nilikuwa ndani ya klabu moja ya kujitolea. Kila jumamosi tulikuwa tunafagia soko, tunatembelea bagonjwa, tunafulia bazee basio na batoto. Hakuna mushahara. Nilipenda ile kazi, hiyo si uongo.

Kisha tukaamua kujenga nyumba ndogo kule Lubondja, karibu na kituo cha afya, ili bamama benye mimba benye kutoka mbali milimani bangojee humo mupaka siku yao ifike. Matofali tulifyatua sisi wenyewe, bababa na bamama, udongo mupaka kwenye nywele. Ukuta ikasimama. Ikabakia mabati. Na mvua ilikuwa inakaribia, na ukuta ya udongo bila mabati inarudilia kuwa matope.

Papa Asukulu, prezida wa klabu, akasema mi njo nitapita kwenye makanisa kuomba, juu niko na ulimi. Kwenye kanisa ya kwanza nilieleza vizuri: ukuta, mabati, misumari. Bantu bakasikiliza kwa adabu, bakatoa kidogo, bakaenda zao kula.

Kwenye kanisa ya pili, ile kubwa, nilianza tu kuongea nikaona bazee banasinzia. Nikajisikia nikisema: "Kuko mama mumoja mukimbizi, Murundi, alikuwa analima kule. Uchungu ya kuzaa ilimushika njiani. Alikufia pale pale kwenye majani, akaacha mutoto mwanamuke anapumua."

Haikutokea. Huyo mama hakukuwako.

Lakini kanisa yote ikaamuka. Bamama bakalia. Mumoja akaahidi mabati, mwingine misumari, mwingine kamyo ya kuyapeleka. Mi pia nikalia, na machozi yangu ilikuwa ya kweli. Hiyo njo inaniogopesha mupaka sasa.

Kisha akasimama Mama Eliza. Huyu ni mujane, anauza bitenge, Mungu hakumupatia mutoto. Aliuliza paka neno moja tu: "Huyo mutoto iko wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Nikasema: "Iko kwangu."

Akasema atakuja kumuona kesho asubui.

Sasa, Goreti njo jirani yangu. Alikimbia Burundi, analima mashamba ya bantu, na alikuwa na mutoto muchanga, mwanamuke. Nilienda kwake mapema nikamuomba aniazime mutoto kidogo, na yeye aseme ni mama mudogo wa mutoto. Alikataa. Akasema mutoto haazimwi sawa sufuria. Hapo nikafanya ubaya kupita ile uongo yenyewe: nilimukumbusha nani alimutafutia shamba, nani alisimama kwa chefu wa hapa kumutetea. Akafunga mutoto mugongoni, akanifuata.

Mama Eliza alikuja na sabuni, na maziwa, na nguo ndogo ndogo. Akamubeba mutoto, akamuimbia. Mutoto akalia njaa, akageuza kichwa kumutafuta Goreti, na maziwa ya Goreti ikatoka yenyewe, ikalowesha kitenge. Mama Eliza akaona. Akauliza kwa upole kama mama mudogo naye ananyonyesha.

Nikajibu kabla Goreti hajafungua mudomo. Nikasema mutoto wake mwenyewe alikufa, juzi tu.

Goreti aliniangalia. Mutoto wake alikuwa kwenye mikono ya mwingine, muzima, na mi nilikuwa nimemaliza kumuzika. Alimupokea, akamunyonyesha. Mama Eliza akamupa pole ya mutoto aliyekufa, na Goreti akaitika ile pole.

Toka ile siku sikuona njia ya kutoka. Mama Eliza akawa anakuja kwangu kila siku, na Goreti analeta mutoto. Alimupa mutoto jina, Neema. Mutoto alikuwa na jina yake tayari, lakini mbele ya Mama Eliza hatukuitaja. Asubui naamuka nikisema leo nitatubu. Nikifika kwenye klabu nakuta bamama banaimba, mabati iko inapandishwa kwenye kamyo, Papa Asukulu ananishika mukono mbele ya bote na kusema bila mi hii nyumba isingekuwa. Utaanzia wapi kusema? Kila kitu muzuri yenye ilitokea ilinifungia zaidi. Nilikonda. Ndagala ilikuwa inaoza mbele yangu na sisikii harufu.

Kisha pasteri wa ile kanisa kubwa na Papa Asukulu bakaniita na furaha. Bamepatana: jumapili, mbele ya kanisa yote, mutoto atapewa Mama Eliza amulee.

Nilienda kwa Goreti nikikimbia. Nikamuambia aende Swima kwa kaka yangu mwenye kuvua samaki, akae kule mupaka bantu basahau. Mi nitasema alitoroka na mutoto. Alikuwa anachambua maharagi. Hakuinua kichwa.

"Nilikimbia bunduki," alisema. "Uongo yako sitaikimbia. Jumapili nitakuja."

Na alikuja. Aliketi kwenye benchi ya mbele, mutoto mugongoni. Pasteri alipoita, Mama Eliza akasimama na kitenge ya mupya ya kumubebea. Goreti naye akasimama, akasema bila kupandisha sauti: "Huyu ni mutoto wangu. Mi njo nilimuzaa. Sijakufa."

Pasteri akanigeukia, akanipa mikro ya kusemea.

Bandugu, hapa njo aibu yangu yote. Mulango ilikuwa imefunguliwa, kazi yangu ilikuwa paka kutoka. Nikasema: "Tumuvumilie. Ni uchungu ya kufiwa, imemuchanganya akili."

Na baliniamini! Mi mutoto wa hapa, yeye mukimbizi. Bamama bawili bakamukaribia kwa huruma, bakamuambia tulia, mama, tulia, bakaanza kufungua fundo ya kitenge yake. Goreti alishika ile fundo na mikono yote mbili. Hakulia, hakupigana. Aliniangalia.

Nikasema ndani ya mikro: "Mumuache. Ni mutoto wake. Hakuna mama alikufa. Ni mi nilidanganya."

Bengi balinitukana, na balikuwa na haki. Mama Eliza hakunitukana. Alikunja ile kitenge ya mupya polepole mupaka ikawa ndogo sawa kitabu, akanikaribia.

"Ungeniomba paka mabati, mama," alisema. "Ningekupa."

Benye kutoa mabati bakaichukua tena. Mvua ikakuta ukuta uchi, na kazi ya mikono ya bantu bengi ikateremuka na maji. Klabu ikanifukuza, lakini hata ikinifukuza, jina yangu ilibakia juu yao. Leo bakienda kuomba chakula kwa ajili ya mugonjwa, bantu banauliza: huyu naye ni wa kweli? Mugonjwa wa kweli analipa deni ya mufu wa uongo. Na kule milimani bamama bangali banateremuka na mimba, banatembea peke yao.

Goreti alihama. Nilimufuata kwenye shamba mupya nikapiga magoti. Alinipa kiti, akanisikiliza mupaka mwisho, akasema amenisamehe. Mutoto alikuwa anajifunza kutambaa, akaja kunishika muguu. Goreti akainama, akamubeba, akamuhamisha upande ingine. Hakufanya kwa hasira. Alifanya sawa vile unaondoa mutoto karibu na moto.

Mwenye anaombea bengine musaada, nakusihi: sema paka ile uliona na macho. Kama haitoshi kuliza bantu, acha basilie. Na kama umeshadanganya, toka leo, mulango ingali wazi. Usingojee mupaka bashike fundo ya kitenge ya muntu.