Nilivyodhaniwa Mshenga pale Mingoyo

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, pale njia panda ya Mingoyo kila mtu alikuwa anauza kitu. Sabuni tuliyoipangia foleni tukaikosa, sasa ilitufuata yenyewe barabarani, ya kijani, ya njano, ya kunukia. Mimi niliuza mitumba. Niliwahi kuuza koti la manyoya, tena kwa mtu wa Njinjo, na joto lile. Mpaka leo najiuliza alilivaa lini. Lakini silo ninalotaka kusema.

Kanisani kwetu nako mambo yaligeuka. Zamani tulihubiri kwa jumla: kipaza sauti uwanjani, anayesikia asikie. Akaja mwinjilisti kijana, ametoka semina, akasema siku hizi ni rejareja. Kila mmoja achague rafiki wa imani nyingine, awe naye karibu, amvute taratibu.

"Usianze na dini, mzee wangu," akaniambia. "Anza na habari za nyumbani. Ulizia watoto. Peleka kizawadi. Dini itaingia yenyewe."

Nikamchagua jirani yangu muuza samaki wa kukaanga, Mwislamu, mtu wa Lindi tangu babu zake. Nilimchagua kwa sababu nilimpenda. Sisi tuliposhuka kutoka Umakondeni hatukuwa na hata sufuria, na la kwanza tulilopikia lilikuwa la mkewe. Nikifikiri kwamba mtu kama huyo atabaki nje ya mbingu, na mimi niko ndani nakula, usingizi ulikuwa hauji.

Basi nikaanza. Nikifunga biashara naoga, navaa shati zuri nililolitoa kwenye robota, nakwenda kukaa barazani kwake. Nakohoa kidogo. Nauliza: watoto hawajambo? Na yule binti mkubwa, hajambo? Kisha natafuta pa kuipenyeza dini, sipaoni, naaga. Kesho tena. Idi ilipofika nikampelekea mke wa jirani doti ya kanga. Maneno yake sikuyasoma, maana kusoma kwangu kunataka jua kali na utulivu.

Wewe mtu wa pwani umeshacheka. Mimi sikujua. Kwetu juu, mjomba wa kijana hufika na kusema alichofuata kabla hajakaa. Kwao sivyo. Kwao mtu mzima anayekuja kila mara na shati safi, anakohoa, anamwulizia binti, analeta kanga na hasemi alichojia, mtu huyo ni mshenga. Posa anayo, ila mdomo wa kuitolea ndio hajaupata. Na mimi nilikuwa na mtoto wa kiume, hana mke, anapakia korosho Mtwara.

Mke wangu aliyapata bombani. Akarudi na ndoo kichwani, hata hakuitua.

"Baba, umemposea nani?"

"Nani, mimi?"

"Mama jirani ameniita mkwe mbele ya watu! Wamemrudisha kijana wa Somanga, mtu ana boti na mashine yake, kwa ajili yako. Binti analia ndani, maana huyo ndiye aliyemtaka. Na mwanao wameshamchagulia jina la kusilimia."

"Jina gani?"

"Ndilo unalouliza hilo?"

Nikaenda vilevile nilivyo, bila kuoga. Jirani alikuwa anageuza samaki kwenye karai.

"Karibu, mkwe."

"Jirani, mimi sikuja kuposa."

"Miezi yote hii ulikuja nini?"

"Nilikuwa nataka uokoke."

Upawa ukasimama hewani. "Mimi?"

"Wewe."

"Si binti?"

"Si binti."

Nyuma ya pazia mkewe akasema, "Astaghfirullah!" Jirani akanitazama, kisha akaanza kucheka mpaka samaki wakaungua upande mmoja.

"Kumbe unaniposa mimi na ndevu zangu! Na kanga umempa mke wangu! Sasa sikiliza, bwana. Sisi tulikuvumilia kwa kuwa tulijua mwanao atasilimu, na baba mtu atamfuata. Mke wangu amekuombea kila swala."

Kumbe na wao walikuwa wananiuzia rejareja, tena kwa utulivu kuliko mimi.

Kicheko kikaisha. "Binti yangu sasa?" akasema. Baba wa binti hawezi kutuma neno kwamba rudini; itaonekana anamtembeza mtoto. "Wewe ndiye uliyekaa mlangoni kwangu, watu wakadhani pamejaa. Nenda Somanga ukawaambie pako wazi."

Nikapanda lori, juu ya magunia. Barabara ya siku zile ilikuwa mashimo, na katikati ya shimo na shimo ndimo walimoweka barabara kidogo. Nilifika nyumbani kwa mjomba wa kijana nikiwa mwekundu wa vumbi.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kwa habari ya yule binti wa Mingoyo."

"Marahaba. Wewe nani wa binti?"

"Jirani."

"Dini yako?"

"Mkristo."

"Waislamu wa Mingoyo wamekwisha wote?"

Kuficha sijui, nikaeleza yote. Wavuvi wakaacha nyavu wakaja kusikiliza. Mimi niliyeshindwa miezi mizima kumtaja Yesu mbele ya mtu mmoja, siku hiyo nilimtaja mbele ya nusu ya Somanga, na sababu yenyewe ni kutafuta ndoa ya Kiislamu.

Mjomba akauliza, "Huyo jirani alipojua unataka kumtoa katika dini yake, alikufanya nini?"

"Alinifungia samaki wa kula njiani."

Wakacheka. Mzee hakucheka. Akasema, "Nyumba hiyo tunaitaka," akamwita kijana.

Wakaoana. Nilikaa mkekani pamoja na washenga, nikala pilau. Jumapili yake mwinjilisti akaniuliza, mzee wangu, umevuna? Nikamwambia nimevuna harusi, na shehe aliifungisha vizuri sana. Akanishika kichwa akaniombea kwa muda mrefu.

Wageni walipokwisha kuondoka, jirani aliniita barazani.

"Haya, sema."

"Niseme nini?"

"Kile ulichokuwa unakitafutia pa kukipenyeza. Binti ameolewa, huna tena wa kumwulizia. Sema."

Nikaanza vibaya, si kwa mpango wa semina. Nilianzia kwa marehemu mama yangu, siku alizoumwa, na Yule aliyekuwa akizungumza naye kitandani kama mtu anayemfahamu. Jirani alinikatiza, akabisha habari ya Mungu kuwa na mwana, nikajibu nilichoweza, nisichoweza nikasema sijui. Tuko hapohapo, adhana ya magharibi ikalia. Akainuka kwenda kutawadha.

"Usiondoke," akasema. "Hujamaliza."

Mkewe akaniletea chai ya tangawizi, nikangoja. Jirani alirudi kutoka msikitini, akavua kofia, akakaa palepale alipokuwa.

"Enhe," akasema. "Mama yako akamwambiaje?"