Mpira wa Tatu wa Asumani

Asumani alikuwa fundi cherehani, lakini ukimuuliza kazi yake angekujibu bila haya kwamba yeye ni mtu wa gofu. Ujanani alibeba fimbo za wachezaji wa Kisangani, kabla uwanja haujageuka shamba la mihogo. Hakuna aliyemfundisha kupiga. Alisimama mbele ya wachezaji, uso kwa uso, akawaiga alivyowaona, na ndiyo maana mikono yake ilikaa kinyume: wa kulia juu, wa kushoto chini. Wabeba fimbo wengi walianza hivyo, kisha wakajirekebisha. Yeye? Ng'o!

"Badirisha mikono, Asumani," rafiki yake Édouard alimwambia miaka nenda miaka rudi. "Hivi mupira haitapanda hata siku moja."

"Bon, ya kwangu inaenda."

Ilienda kweli, chinichini, kama kuku aliyefukuzwa jikoni.

Juni 2000 majeshi mawili ya kigeni yakapigana ndani ya mji. Kadidja, mkewe, alikuwa kwa dada yake ng'ambo ya mto Tshopo. Daraja likafungwa, na kombora likabomoa nyumba yao, Asumani akiwa kwa Édouard. Siku ya tano, asubuhi, bunduki zilipotulia kidogo, Asumani na Édouard walishuka mtoni, pale mawe yanapoubana. Upande wa pili Kadidja alikuwa akichota maji, amevaa nguo nyeupe za eda: habari za nyumba zilimfikia, za mumewe kunusurika hazikumfikia.

Uchungu ulimshika Asumani. Mkewe analia ujane na yeye yu hai! Akaita, maporomoko yakameza sauti. Akapunga mkono, lakini macho ya Kadidja hayakuwahi kuona mbali. Na nyuma yake watu walikuwa wakifunga mizigo wakimbilie msitu wa Masako.

Alikimbia hadi kwenye kifusi cha nyumba, akarudi na fimbo yake ya chuma na mipira mitatu, kila mmoja una nukta tatu za rangi ya kucha ya Kadidja.

Wa kwanza aliuweka karibu na mguu wa kulia, kama kawaida yake. Ukaruka chini, ukazama. Wa pili akausogeza hadi mguu wa kushoto, apate kuuinua. Fimbo iliugusa utosini tu, ukabingirika majini.

"Alors?" Édouard hakucheka. "Iko mumoja tu. Mukono ya kuume, chini."

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Asumani alimeza kiburi cha miaka thelathini, akabadilisha mikono. Alijiona kama aliyevaa viatu kinyume. Akauweka mpira mbele kidogo ya katikati ya miguu, akasema bismillahi, akapiga.

Ukapanda. Ukavuka mto wote, ukaanguka katikati ya ndoo, na wanawake wakatawanyika wakidhani ni bomu.

Kadidja peke yake aliinama. Aliuokota, akausogeza karibu kabisa na macho, akaketi palepale mchangani. Kisha akavua mtandio mweupe, akaanza kuupunga kwa nguvu zote, kuelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Asumani akaruka juu ya mawe, akakimbia kandokando ya mto, mpaka akasimama pale alipokuwa akipungiwa.