Kikombe cha Bibi ya Askari

Risasi zilianza Jumapili, ibada ikielekea mwisho, na mpaka Jumatatu mchana tulikuwa bado tumejifungia kanisani, mtaa wa Kinama. Mchungaji hakufika juma lile. Mimi, niliyeishia darasa la tano, ndiye niliyesoma kwamba Mungu ameumba mtu kwa mfano wake. Nilisoma vizuri, watu wakaitika amina.

Kati yetu alikuwemo mama mmoja, mumewe askari. Risasi zilipotulia kidogo alitambaa hadi bomba la jirani, akarudi na kidumu cha maji. Akajaza kikombe, akanywa kwanza yeye, maana kwetu anayekupa kinywaji hukionja mbele yako usiogope sumu. Kisha akampa mwimbaji mmoja.

“Apana, mama. Kiu yangu imeisha.”

Mama mwingine, ambaye askari walimuulia mtoto, akacheka vibaya. “Anaonja bila woga sababu amekwisha kunywa dawa ya kuzuia sumu kule kwao.”

“Kwetu wapi? Mi nakaa hapa nyuma ya kanisa!”

“Kwa bwana yako.”

Simhukumu. Maiti ya mtoto wake nilisaidia kuibeba. Wala sijui kama huyo askari alikuwa na mikono safi.

Mwenye maji akamwaga kikombe sakafuni, akakaza kitenge. “Basi mi naenda. Afadhali nife njiani.” Akashika komeo. Nje risasi zilikuwa zimerudi, karibu sana; akifungua, hafiki kwenye kona. Hakuna aliyemzuia. Nami nilinyamaza, muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika.

Mwisho nikasema, “Mama, nipe maji.”

“We, utakufa!” akasema aliyefiwa.

“Hata na kiu nitakufa.”

Mwenye maji akaacha komeo, akarudi, akajaza, akaonja tena. Nikanywa yote. Yalinuka mafuta ya kidumu.

Baadaye watu walisifu imani yangu. Sijui. Ulimi ulikuwa umekauka kabisa. Labda kama ningekuwa na maji yangu, ningemwacha afungue mlango.

Walinitazama kitambo, wakingoja nianguke. Walipoona bado nimekaa mzima, mwimbaji akaomba, kisha wengine. Aliyefiwa alikuja wa mwisho. Mwenye maji akajaza kikombe, akakipeleka mdomoni kuonja kama kawaida.

“Acha,” mama yule akasema, bila kumtazama usoni. “Lete tu. Nina kiu.”